Difu, Giaboksi na Madumu ya Majirani

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti karakana ya wilaya pale Newala nikiwa na vitu vitatu: barua ya ajira, kikokotoo cha kisayansi, na viatu vya ngozi nilivyonunuliwa na mjomba kwa ajili ya mahafali. Viatu viliharibika kabla ya saa nne asubuhi. Kikokotoo kiliniaibisha kabla ya chakula cha mchana. Barua peke yake ndiyo iliyofika salama hadi kustaafu, na hiyo ni kwa sababu ilikuwa ndani ya faili ambalo hakuna aliyewahi kulifungua.

Naandika haya kwa sababu simu yangu haipumziki. Nilistaafu kwa hiari nilipotimiza miaka hamsini na mitano, nikidhani nitapumzika, kumbe nilikuwa nahamishiwa kitengo cha kujibu simu. Vijana wa gereji za Masasi wamepeana namba yangu, na wote wanauliza swali moja: "Mzee shikamoo, kuna gari ya zamani hapa tunaifufua, tuweke difu gani na giaboksi gani?" Ni kama kumpigia daktari usiyemjua na kumuuliza, "Daktari, ninywe dawa gani?" Nikiwarudishia swali wanaona nawazungusha. Basi nitajibu hapa, mara moja, kwa wote, pamoja na makosa yangu, maana bila makosa yangu jibu lenyewe halieleweki.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Fundi Mkuu wa karakana, mtu mfupi aliyetembea na kipande cha chaki nyuma ya sikio. Nilimsalimia kwa adabu zote.

"Shikamoo, Fundi Mkuu."

"Marahaba. Wewe ndiye injinia?"

"Ndiyo."

"Umekuja au umeletwa?"

Sikulielewa swali hilo kwa miaka kumi hivi: alitaka kujua kama nimekuja kujifunza au nimeletwa na cheti. Alinionyesha pikapu ya zamani iliyoegeshwa kivulini, akaniambia nimtajie difu yake ni ya ngapi, kisha akaondoka zake.

Kwa wasiojua: difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake mna gurudumu kubwa la meno, krauni, na gurudumu dogo linaloisukuma, pinioni. Ukigawanya meno ya krauni kwa meno ya pinioni unapata idadi ya mizunguko ya propela, ule mhimili unaotoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu, inayohitajika ili tairi izunguke mara moja. Namba ikiwa kubwa, gari lina nguvu ya mlima ila injini inalia kwenye tambarare. Namba ikiwa ndogo, gari linakimbia huku injini imetulia, ila mlimani linaanza kuomba msaada. Giaboksi nayo inafanya kazi hiyohiyo mapema zaidi, ndiyo maana huwezi kuchagua kimoja bila kumuuliza mwenzake.

Nilipiga jeki tairi moja la nyuma, nikaweka alama ya chaki, nikazungusha tairi mzunguko mmoja huku nikihesabu propela. Nikapiga hesabu. Nikampelekea karatasi safi.

"Mbili nukta tano sita," nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Fundi Mkuu aliitazama karatasi, akaitazama pikapu, akairudia karatasi. Kisha akawaita mafundi wote. "Njooni muone. Tuna ndege humu ndani na hamkuniambia."

Ukinyanyua tairi moja tu na lingine likabaki chini, difu inampa aliyenyanyuliwa mizunguko yote, ya kwake na ya mwenzake. Kwa hiyo unazungusha tairi mara mbili ndipo unahesabu. Nilikuwa nimefundishwa hilo chuoni, kwa mchoro mzuri kabisa, na nilipata alama za juu katika mtihani wake. Jibu sahihi lilikuwa tano na kitu: meno arobaini na moja kwa manane. Difu ya mlima. Kwa mwaka mzima pale karakana niliitwa Rubani.

Lakini somo kubwa la Fundi Mkuu halikuwa la chaki. Gari lolote likiletwa, kabla hajafungua boneti, alimuuliza mwenye gari maswali mawili. La kwanza: "Anaendesha nani?" La pili: "Una majirani wangapi?"

Nilidhani ni maongezi tu. Siku moja mwalimu mmoja kutoka kijiji cha Makote alileta gari lake libadilishwe difu, nikamuuliza mimi, kwa utaalamu, anabeba mzigo wa kilo ngapi. Akanijibu, "Sibebi mzigo, injinia. Vitu vidogovidogo tu." Nikaandika: mzigo mwepesi. Fundi Mkuu akaja, akauliza, "Mwalimu, una majirani wangapi?" Mwalimu akahesabu kwa vidole, akasema nyumba tisa. Fundi Mkuu akanipokonya kalamu, akakata nilichoandika, akaandika: mzito sana.

Anayeishi kwetu huku juu mlimani atakuwa ameshacheka. Newala maji ni shida, na mwenye gari akiteremka bondeni harudi na chombo kitupu. Akiamka asubuhi anakuta madumu ya majirani yamekwishapangwa karibu na gari lake, vifuniko vikiwa vimefungwa kwa kamba za rangi ili yasipotee. Hakuna anayeomba na hakuna anayekataa. Na ajabu ni kwamba mwenye gari hayahesabu. Ukimuuliza mzigo wake atakutajia mahindi, mbolea, magunia ya korosho. Hakudanganyi. Kwa akili yake madumu ya jirani si mzigo, ni ujirani. Difu lakini haijui ujirani, inajua uzito.

Nikayaandika maswali hayo mawili kwenye daftari, na kama msomi yeyote, nikishaandika kitu najiona nimekwishakijua.

Miaka sita baadaye nilihamia Masasi, kwenye kampuni binafsi ya malori ambayo siku hizi haipo, na baada ya kusoma yanayofuata hutashangaa kwa nini. Bosi wangu alikuwa Meneja Usafirishaji, mtu wa tai na haraka. Msimu wa korosho ulipokaribia aliniita.

"Injinia, malori yangu yanatembea kama yanakwenda msibani. Nataka mbio."

Nikamweleza kwamba tukiweka difu ya mbio, malori yatakimbia barabara kuu lakini yakitumwa vijijini huko juu hayatapanda yakiwa yamejaa. Na yakiteremka itakuwa mbaya zaidi, kwa sababu injini haitayashika, dereva atategemea breki peke yake.

"Wewe umesoma?" akaniuliza.

"Nimesoma, Meneja."

"Basi tafuta njia."

Nikatafuta njia. Nilichora grafu nzuri, kwa kalamu za rangi tatu, iliyoonyesha kwamba difu ya mbio inafaa kabisa iwapo madereva watabadilisha gia kwa wakati. Grafu haikuwa na kona, vumbi wala dereva aliyeendesha tangu alfajiri. Wiki ya kwanza ya msimu lori letu la kwanza lilikwama kwenye mlima wa kupandia Newala likiwa na mbolea, na watu wa kijiji cha karibu wakaibeba mbolea hiyo kichwani, mfuko mmoja mmoja, huku wakiuliza ni nani aliyelitengeneza lori hili. Nilikuwepo. Nikajiunga nao kuuliza.

Meneja alisema kosa ni la madereva. Madereva walisema kosa ni la injini. Mimi nilisema grafu haikuzingatia mambo fulani. Hakuna aliyesema ukweli, ambao ni kwamba mtu mmoja alitaka mbio na mwingine aliogopa kumkatalia.

Baada ya hapo nilifanya kazi katika karakana moja ya misheni kando ya barabara kuu, upande wa Ndanda, chini ya mtawa aliyeitwa Bruda Mkuu wa Karakana. Kwa miezi mitatu ya kwanza Bruda hakuniruhusu kugusa difu. Niliosha bolti. Niliwahi kumwambia nina digrii ya uhandisi, akaniambia vizuri sana, kwa hiyo nitaziosha kihandisi. Kwake nilijifunza kwamba krauni na pinioni hutengenezwa pamoja, zikasagana pamoja, na ukiibadilisha moja ukaiacha nyingine zitapiga kelele hadi zife zote mbili. Nilijifunza kupaka rangi kwenye meno, kuzungusha, na kusoma alama inayobaki, kuona kama meno yanashikana katikati au pembeni. Ilikuwa kazi ya utulivu, na nilikaa hapo hadi nilipostaafu nikarudi Newala kujenga nyumba yenye kisima cha maji ya mvua.

Sasa nifike kwenye habari ninayoona haya kuieleza.

Miezi michache baada ya kustaafu alinijia Mama Ester wa Makote, muuguzi mstaafu, mjane, mwenye goti la kushoto lililovimba na sauti iliyozoea kuamrisha wodi. Alikuwa na pikapu ya marehemu mumewe, gari la Kiingereza la zamani kuliko mimi, lenye giaboksi ya gia nne na difu ya arobaini na moja kwa manane. Namba ileile ya pikapu ya siku yangu ya kwanza. Nilipoihesabu nilizungusha tairi mara mbili, nikajisikia mtu mzima.

"Injinia, hii gari inapiga kelele barabarani mpaka masikio yanauma," alisema. "Na mwanangu wa Dar ameniambia neno. Anasema nikishindwa kuendesha gari hii anakuja kunichukua nikaishi kwake. Ghorofa ya nne. Mimi nikafanye nini ghorofa ya nne?"

"Hutakwenda, Mama Ester. Niachie mimi."

Niachie mimi. Nikikumbuka nilivyolitamka natamani kujificha.

Nilimuuliza mzigo. Akasema, "Madumu yangu sita tu." Nikaandika sita. Nilitafuta giaboksi ya mtumba yenye gia tano, nikaifunga kwa kazi safi ambayo Bruda angeikagua bila kukunja uso. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshapandwa na wazimu wa kutuliza injini, nikaitoa hata difu ya zamani, nikaweka ya arobaini na moja kwa kumi na moja. Ya mbio. Nililijaribu gari mwenyewe, tupu, hadi Masasi na kurudi. Kwenye lami nikaweka gia ya tano na injini ikanong'ona. Niliimba ndani ya gari lile. Mtu wa umri wangu.

Wiki mbili baadaye Mama Ester alikuja kwa bodaboda. Hakuanza na salamu, na kwa mwanamke wa malezi yake hiyo ilikuwa hukumu tayari.

"Nimemwaga maji," alisema.

"Maji gani, mama?"

"Ya watu."

Alikuwa ameteremka bondeni na kupakia madumu yake sita, na mengine ishirini na mawili ya majirani. Mlimani gia ya pili ilikuwa dhaifu mno kwa uzito ule, injini ikakaribia kuzima. Akarudi ya kwanza, injini ikapiga kelele na gari likatambaa. Akapanda tena ya pili, likafa. Kila mara klachi, kila mara goti lilelile. Kwenye kona ya tatu mguu ukagoma. Gari likarudi nyuma kidogo, akalizuia kwa hendibreki, mpita njia akatia jiwe chini ya tairi. Ili apande ilibidi apunguze uzito. Akasimama pale barabarani na kumwaga maji ya watu, dumu moja baada ya jingine, huku kina mama waliokuwa wakipanda kwa miguu na ndoo zao wakimtazama.

"Jioni nikarudisha madumu matupu, nyumba kwa nyumba," alisema. "Hakuna aliyenisema. Ingekuwa nafuu wangenisema. Asubuhi yake nikatoka nje sikukuta dumu hata moja karibu na gari. Na mwanangu ameshasikia, sijui nani kampigia. Anakuja mwisho wa mwezi."

Nilianza kumweleza kuhusu uwiano wa gia. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Nilikwambia madumu sita, ni kweli. Wewe si mtu wa hapa? Hukujua ya kuuliza?"

Nilijua. Daftari lilikuwa ndani ya nyumba, hatua ishirini kutoka tulipokaa.

Kesho yake nilikwenda Makote, nikamwomba aendeshe mimi nikae pembeni. Tulijaza madumu bondeni, kumi tu, ili jambo lile lisijirudie. Sikutazama barabara, nilitazama mguu wake wa kushoto. Kutoka chini hadi kileleni alikanyaga klachi mara thelathini na moja. Baada ya ile ya ishirini alianza kuvuta pumzi kwa meno kila anapokanyaga. Katika hesabu zangu zote za nguvu za injini, uzito na mwinuko, goti lile halikuwa na mstari wake. Swali la kwanza la Fundi Mkuu halikuwa maongezi. Na mimi lile gari nililijaribu kwa goti langu.

Jibu lilikuwepo tangu mwanzo na ni hili, wanaonipigia simu waliandike: giaboksi mpya ya gia tano, difu ya zamani. Difu ya mlima inaipa gia ya pili nguvu ya kupanda mlima wote bila kubadilisha. Gia ya tano inapunguza kelele kwenye lami, si kwa kunong'ona kama nilivyotaka mimi, lakini kwa kiasi cha kumwezesha mtu kuongea na abiria wake. Siyo haraka sana, siyo kimya sana. Inafika.

Tatizo likawa difu yenyewe. Nilikuwa nimeitumia nyumbani kukandamiza mfuniko wa kisima changu, watu wasije kuchota nikiwa sipo. Yaani mimi, mwenye kisima, nilikuwa nimelinda maji yangu kwa chuma ambacho kingewafikishia majirani wa Mama Ester maji yao. Niliitazama pale juu ya mfuniko kwa muda. Kisha nikaibeba. Krauni na pinioni yake zilikuwa bado pamoja, na mafuta yake ndani. Nilipaka rangi kwenye meno, nikasoma alama, yalishikana katikati. Niliifunga kwa siku mbili peke yangu, na nilijisema kwa sauti maneno ambayo Fundi Mkuu angeyapenda.

Mwisho wa mwezi mtoto wa Mama Ester alishuka basi Masasi, kijana mkubwa wa ofisini mwenye begi la magurudumu. Mama alimfuata mwenyewe. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, kwa kuwa aliniamuru.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee. Sasa mimi nakaa wapi?"

"Nyuma," alisema Mama Ester. "Na madumu."

Kabla ya mlima alikata kushoto kuelekea kisima cha bondeni. Kulikuwa na madumu yake sita, na mengine manne tu. Nyumba mbili zilikuwa zimemwamini tena. Alipofika chini ya mlima akaweka gia ya pili, akaachia klachi, akauondoa mguu wa kushoto kabisa na kuunyoosha sakafuni. Nilihesabu kona. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, ile ya jiwe, ambapo ardhi bado ilionyesha michirizi mikavu ya maji yaliyomwagwa, au labda nilitaka kuiona tu. Injini ililia lakini haikushuka. Mguu haukusogea hadi kileleni.

Tulipofika Makote, alilisimamisha gari mbele ya nyumba ya kwanza, yenye madumu mawili, akamgeukia mwanawe.

"Shusha. Peleka mpaka mlangoni, usiyaburuze."

Akashusha, akapeleka, akarudi kuchukua mengine. Kwenye nyumba ya pili alichelewa, tukasikia anasalimiana na watu waliomfahamu akiwa mdogo na waliotaka kujua ameoa lini na kwa nini hawakualikwa. Aliporudi shati lilikuwa limelowa ubavuni. Hakutaja Dar siku hiyo, wala siku iliyofuata. Aliondoka na begi lake peke yake.

Mimi Mama Ester hakunishukuru. Aliniambia kwamba kwenye lami gari sasa lina mngurumo ambao mwanzoni halikuwa nao, na kama injinia napaswa kuufikiria. Nimekwishaufikiria. Utabaki.

Kwa hiyo kijana, ukinipigia kuniuliza difu gani bora, nitakuuliza anaendesha nani, na ana majirani wangapi. Juzi mmoja alinijibu, "Mzee, nimeuliza difu." Nikamwambia na mimi ndicho nilichouliza. Akakata simu, akaweka ya mbio, nimesikia.

Nina hakika atapiga tena, msimu wa korosho ukianza. Na jana asubuhi, Mama Ester alinipigia, hakusema habari wala salamu, akasema kaamka amekuta madumu kumi na tisa nje, akauliza kama mngurumo ule hauna madhara.

Nilimwambia hauna. Nikaenda kutafuta jiwe la kuweka juu ya mfuniko wa kisima changu badala ya ile difu, nikabadili mawazo njiani.